Mtoto wa mjini aanzie wapi kuijua Wilaya ya Moshi?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa darasa la tatu na kaka yake wa darasa la tano. Tunaishi Pasua, Moshi mjini, na baba yao ni mtu wa Kibosho. Kila Desemba tunapanda nyumbani, lakini watoto hushinda na simu siku zote tunazokaa, kisha tunashuka. Hivi karibuni binti yangu aliambiwa darasani aeleze Wilaya ya Moshi; akautaja mlima Kilimanjaro na majina ya tarafa, akaishia hapo. Likizo hii nataka niwafundishe wilaya yao kwa namna watakayoikumbuka. Nianze na nini? Je, habari za Mangi (chifu) Meli kunyongwa zinawafaa watoto wa umri huu? Na huyu mkubwa anang'ang'ania kupanda mlima. Naweza kumpeleka?

Jibu: Marahaba, mama. Binti yako hakukosea. Amejibu kama alivyofundishwa. Walimu wengi, na vitabu vingi, humpa mtoto orodha kabla ya kumpa picha: tarafa, kata, mipaka, mazao makuu. Mtoto huyakariri, na mtihani ukipita nayo hupita. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote nitakayoeleza yanauzunguka: wafuatishe watoto maji. Waanze nayo msituni, juu ya vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, washuke nayo hadi kwenye miwa ya Arusha Chini na hata kupita hapo. Katika wilaya hii karibu kila kitu, kuanzia chakula na kazi hadi historia na ugomvi wa majirani, kimepangwa na swali la kama mtu anaishi juu au chini, na maji yanamfikia kwa njia gani.

Kabla hamjapanda gari, unganisha karatasi mbili za daftari kwa urefu, moja juu na nyingine chini, uwaambie wachore wilaya kama ukanda uliosimama wima, mlima ukiwa juu na tambarare ikiwa chini. Ramani ya ukutani humwonyesha mtoto kipande cha rangi ambacho upande wa mashariki kimepakana na Rombo, magharibi na Hai, na kusini na Mwanga na Simanjiro. Ni ramani sahihi, lakini haimwonyeshi kwamba kutoka Arusha Chini, palipo mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye vihamba vya juu kabisa, palipo mita 1,700 hivi, mtu hupanda kilomita nzima ya kimo bila kutoka ndani ya wilaya. Kwa kila mita 100 anazopanda joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya chini na juu kuna tofauti ya nyuzi 6 hivi. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaiweza mwenyewe, na mdogo wake ataithibitisha pale atakapoomba sweta. Watasikia pia kwamba watu wa huku wakimwelekeza mgeni hawamtajii kaskazini wala kusini. Humwambia panda, shuka, juu ya kanisa, chini ya barabara. Wajifunze kwanza dira hiyo, ile ya darasani itafuata.

Kuhusu kilele nitasema machache, kwa kuwa hicho wanakijua tayari. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana: Shira, kongwe kuliko zote, ambayo imelika na kubaki uwanda, Mawenzi yenye ncha zilizochongoka, mita 5,149, na Kibo, penye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mlima huo si mali ya wilaya moja, kwani Moshi, Rombo, Hai na Siha zote zinaugusa, na ni vizuri watoto walijue hilo kabla hawajaanza kubishana na binamu zao wa Machame, upande wa Hai. Kwa binti yako, hadithi ya wazee kuhusu Mawenzi, aliyekuwa haachi kwenda kwa Kibo kuomba moto hadi Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi, itakaa kichwani kuliko maelezo yoyote ya volkano, wala huna haja ya kuisahihisha. Mwamshe mapema, kabla mawingu hayajafunga, ajionee jinsi Mawenzi alivyovunjikavunjika.

Tukija kwenye maji yenyewe, nakuomba uwe mwangalifu na jambo moja. Watoto wengi, na watu wazima pia, wanaamini kwamba mito yetu inatoka kwenye theluji ya Kibo, eti theluji ikiisha na mito itakauka. Ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kutoweka kufikia mwanzoni mwa karne hii, na kiasi cha maji kinachotokana na kuyeyuka kwake ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kinachotolewa na msitu. Msitu huo unauzunguka mlima kuanzia mita 1,800 hivi na kupanda hadi karibu mita 3,000. Upande wetu wa kusini hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati tambarare ya chini hupata milimita 500 au 600 tu. Zaidi ya mvua, miti yake hunasa ukungu: matone hukusanyika kwenye majani na kwenye mimea midogo inayoota juu ya magome, yakadondoka chini hata siku ambayo hakuna mvua iliyonyesha. Udongo wa volkano huyanywa maji hayo kama sifongo na kuyaachia polepole, mengine yakitokea jirani kama vijito na mengine yakipita chini kwa chini hadi kwenye chemchemi za tambarare. Kwa hiyo mtoto akiuliza ni nini kitakachoikausha Moshi, mjibu kwamba moto na shoka msituni ni hatari kubwa zaidi kuliko barafu kuyeyuka, hata kama barafu ndiyo inayopigwa picha.

Msitu wenyewe mnaweza kuuona mkiwa pembeni. Tangu mwaka 2005 msitu wa hifadhi umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na huwezi kuingia bila kibali. Ila kati yake na vihamba upo ukanda unaoitwa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani bila kuugusa msitu mkubwa. Mwombeni mtu mzima wa kijijini awafikishe kwenye ukanda huo, msikilize mbega asubuhi. Mbega akinguruma, mtoto wa mjini hadhani kwamba ni nyani. Hudhani kuna pikipiki inayokataa kuwaka.

Kutoka hapo wafuate mfongo. Hii ndiyo sehemu ambayo ningeipa siku nzima, na kama likizo ni fupi, ningeacha mengine yote lakini si hii. Mifongo ni mifereji ya asili iliyochimbwa na koo za mlimani, nao Wazungu waliofika hapa katika karne ya 19 waliikuta inafanya kazi. Maji huchepushwa kutoka kwenye kijito kilicho ndani ya korongo, yakapitishwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, hadi yakatokea juu ya mgongo ambako watu wanaishi. Mwulize mtoto: maji yaliyokuwa chini kule korongoni yamewezaje kufika huku juu yaliko migomba? Mwache ahangaike nalo. Hakuna pampu. Aliyechimba alianza mbali, juu zaidi ya mahali alipotaka maji yafike, na mfereji wake hushuka taratibu kuliko kijito kinavyoshuka, hivyo kadiri vinavyoendelea ndivyo mfereji unavyobaki juu na kijito kikizama chini. Mtoto akilielewa hilo kwa kutembea kando yake, ameelewa uhandisi ambao darasani atakutana nao baada ya miaka mingi.

Wapeleke hadi kwenye mlango wa mfongo, pale maji yanapochepushwa. Watakuta mawe yaliyopangwa, magogo, na vipande vya mgomba vilivyoshindiliwa pamoja na udongo ili kuziba nyufa. Siku hizi baadhi ya milango imejengwa kwa saruji. Mvua za masika zikija kwa nguvu hubomoa mlango wa asili, na watu hupanda kuutengeneza. Mzee anayehusika na mfongo awaeleze zamu: nani humwagilia asubuhi, nani mchana, nani hupata maji ya usiku yanayokusanywa kwenye bwawa dogo, na hufanyika nini kwa mtu aliyekosa kuja siku ya kuzibua mfereji. Faini, hata ikiwa ya pombe, humfundisha mtoto maana ya serikali kwa haraka kuliko sura nzima ya Uraia. Na mtu akimwaga maji kwa wizi usiku, shamba lake lenyewe humsaliti asubuhi.

Mfongo utawafikisha kwenye kihamba, na hapa namwomba babu au bibi yao achukue nafasi yangu. Simameni katikati ya migomba, mtazame juu kwanza. Juu kabisa kuna miti mikubwa iliyoachwa makusudi: mringaringa wa mbao, mruka wa kivuli, na mgrevilea ulioletwa na wageni. Chini yake ni migomba. Chini ya migomba ni mibuni, ambayo hailipendi jua kali, na chini ya mibuni ni magimbi, maharage na majani ya mifugo. Eneo dogo limelimwa kwa ghorofa nne, na mwanga unaotoboa ghorofa ya juu hutumiwa na ile ya chini. Halafu waende zizini. Ng'ombe wa kihamba hatoki kwenda malishoni. Huletewa majani na vipande vya mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, na samadi yake hurudishwa kwenye shina la mgomba mwingine. Binti yako apewe kazi ya kuhesabu aina za mimea ndani ya hatua 20 za mguu wake, na kaka yake achore mshale wa kila kitu kinachoingia na kutoka zizini. Huenda mshale wa maziwa ukaishia mjini, kwenye kikombe chake mwenyewe.

Majina ya ndizi wajifunze jikoni. Mshare ndiyo ya mtori. Ndizi ng'ombe ina kazi zake. Kisukari huliwa ikiiva. Na zipo zinazoivishwa kwa ajili ya mbege, ambayo huchanganywa na ulezi. Usiwafiche watoto habari za mbege, maana wataiona. Waeleze kwamba ni kinywaji cha watu wazima, ambacho kwa desturi ndoa, msiba na usuluhishi huku havikamiliki bila hicho. Kwenye mpaka wa kihamba waonyeshe sale, mmea wenye majani marefu unaopandwa kama alama ya mpaka. Jani lake ndilo pia analolipeleka mtu anayeomba msamaha, na mwenye kuletewa hupata tabu sana kukataa. Waonyeshe makaburi. Watoto wa mjini mara nyingi huogopa kwa kuwa wamezoea makaburi yaliyo mbali na nyumba, ilhali hapa babu wa babu yao amelala hatua chache kutoka kwenye mlango. Hiyo ni sababu moja kubwa kwa nini mabasi hujaa kila Desemba.

Bibi akiwa bado na kahawa mtini, wachume. Mtoto amenye tunda jekundu, aone buni mbili zenye utelezi, aelezwe jinsi zinavyochachushwa usiku kucha, kuoshwa na kuanikwa. Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wa Kichaga walipoanza kuilima kwa wingi, baadhi ya walowezi hawakufurahi. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, rais wake wa kwanza akiwa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama cha ushirika ambacho jengo lake mjini Moshi watoto wako wamelipita mara nyingi bila kujua lilijengwa na nini. Chuo Kikuu cha Ushirika kimewekwa Moshi kwa sababu hiyohiyo.

Hapo chini ya vihamba migomba huanza kupungua na mahindi kuchukua nafasi. Mkiwa kwenye gari, mwambie kila mtoto aseme "hapa" pale anapoona mabadiliko, muone kama watakubaliana. Familia nyingi za mlimani zina shamba la pili huku chini, la mahindi na maharage, na kwa vizazi vingi akina mama wameshuka asubuhi kulima na kupanda jioni wakiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Yale majani yaliyoko zizini yalitoka huku. Wakiulizwa wilaya ina mazao gani, watoto wataweza kusema sio tu zao gani bali ni la juu au la chini, na nani analibeba kutoka huku kwenda kule.

Tambarare yenyewe ndiyo sehemu ya wilaya ambayo jamaa wa Kibosho, Uru na Marangu huisahau wanapoizungumzia Moshi, nami naona ni kosa kumwacha mtoto aisahau pia. Mabogini na Chekereni kuna mashamba ya mpunga wa umwagiliaji, yaliyojengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ambayo maji yake yanatoka mito ya Njoro na Rau. Huko Miwaleni maji hububujika kutoka ardhini, maangavu, katikati ya nchi kavu. Ni mvua ya juu iliyosafiri chini ya miamba. Karibu na mjini upo Msitu wa Rau, wenye miti mirefu iitwayo misoo, ambayo huishi kwa maji hayohayo ya ardhini. Kusini zaidi, Arusha Chini, ndiko lilipo shamba la miwa la TPC, lililoanzishwa katika miaka ya 1930, na kwa hiyo sukari iliyo mezani kwenu Pasua imenyweshwa na mlima ule ule ulioinywesha kahawa. Watu nao wamebadilika: Wakahe wenye lugha yao, Wamasai na mifugo, Wapare, na wafanyakazi waliofika kutoka mikoa mbalimbali kukata miwa na kulima mpunga. Mtoto anayeambiwa kwamba Wilaya ya Moshi ni ya Wachaga watupu ameambiwa nusu tu.

Hapa pia ndipo anapoweza kuelewa ugomvi wa maji. Mtu wa juu akifungua mfongo wake zaidi, mpunga wa chini unachelewa. Wa chini akilalamika, wa juu humjibu kwamba babu zake walichimba mfereji huo kabla ya mpunga kuwapo. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi, inayotoa vibali vya kutumia maji. Muulize kijana wako angewagawiaje. Usimpe jibu.

Kisha mwambie wapi maji yaliyosalia yanakwenda. Mito ya magharibi ya wilaya huingia Kikuletwa, ya mashariki huingia Ruvu, na yote miwili humwaga maji yake kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Yakitoka hapo yanakuwa mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme, yanapita Hale, na kuingia Bahari ya Hindi kwenye mji wa Pangani, mkoani Tanga. Ukanda wa karatasi mliochora utakuwa mfupi. Bandikeni ya tatu.

Sasa niingie kwenye historia, ambako umeniuliza juu ya Mangi Meli. Watoto wa umri huo wanaweza kuisikia habari yake, mradi isianzie kwenye mti wa kunyongea. Ianzie kwenye makorongo. Mito inayoshuka mlimani imekata mabonde marefu, na kati ya bonde na bonde kuna mgongo. Zamani kila mgongo, au kundi la migongo, ulikuwa na mangi wake, askari wake na namna yake ya kusema Kichaga. Ndiyo maana bibi wa Kibosho na bibi wa Vunjo wakizungumza kila mmoja kwa lafudhi yake, mtoto hukuta maneno hayalingani. Wamangi walishindana, walifanya biashara na misafara ya pwani, na walipigana. Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walikuwa mahasimu wakubwa, na wageni walipofika, kila mmoja alipiga hesabu ya jinsi ya kuwatumia dhidi ya mwenzake.

Rindi alifariki mwaka 1891, mwanawe Meli akashika utawala akiwa kijana. Mwaka 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani, na kamanda wao, von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakimtuhumu kwa kula njama dhidi yao. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Kwa binti wa darasa la tatu, ningesimulia hadi kunyongwa kwake na kueleza kwamba aliuawa kwa sababu hakutaka nchi yake itawaliwe na wengine. Habari ya kichwa ningeiacha hadi aulize. Kwa kaka yake ningeisema yote, kwa sauti ya kawaida, bila kuipamba. Watoto hutishwa zaidi na mtu mzima anayenong'ona kuliko na ukweli wenyewe. Kama mtaweza, fikeni Old Moshi, mahali anapokumbukwa, muone pia jinsi palivyo mbali na mji wa sasa: reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilikomea kwenye tambarare, mji ukajengwa kuifuata, na jina la Moshi likashuka nao. Mji wenu wa Pasua ni mtoto wa reli.

Baada ya hapo unaweza kuruka haraka: vita, Waingereza, na mwaka 1952 Thomas Marealle, aliyechaguliwa na Wachaga, kushika nafasi ya Mangi Mkuu wa eneo zima, hadi mwaka 1960. Baada ya Uhuru, serikali ilifuta utawala wa machifu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge na kusimamisha bendera juu ya Kibo. Tarehe hiyo huangukia ndani ya likizo yenu, kwa hiyo haihitaji juhudi.

Kuna maswali mawili ambayo watoto watakuletea wenyewe. La kwanza litatoka kwa kijana: mbona kihamba cha babu ni kikubwa na cha baba mdogo ni kidogo? Mweleze kwamba ardhi haiongezeki. Kihamba hugawanywa kwa watoto wa kiume, na wa mwisho kwa desturi hubaki kwenye nyumba ya wazazi, hata imefika mahali kipande cha mjukuu hakitoshi kumlisha. Bei ya kahawa nayo imewakatisha tamaa wengi, mibuni imezeeka au imeng'olewa, na vijana wameshuka mjini kutafuta kazi, kama baba yao alivyofanya. La pili litatoka kwa binti: mimi nitapewa kihamba? Usilikwepe. Desturi ilimnyima, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ya kijiji, na zipo familia mlimani ambazo zimeanza kuwagawia mabinti. Bibi anaweza kuwa na maoni tofauti. Mwache ayaseme, binti asikie pande zote mbili akiwa bado mezani kwao.

Kuhusu kupanda mlima: watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni. Kama kijana wako amekwisha kufikisha umri huo, bado nisingeshauri aanze na safari ya Uhuru, ambayo ni ya siku tano au sita, yenye baridi kali na maradhi ya kimo yasiyochagua mwenye nguvu. Ipo safari ya siku moja inayomfaa: kutoka lango la Marangu, lililo karibu mita 1,900, kupita ndani ya msitu hadi kituo cha Mandara, mita 2,700 hivi, umbali wa kama kilomita 8 kwa kwenda. Kwa mwendo wa mtoto ni saa tatu hadi nne kupanda, na kurudi ni haraka zaidi. Dakika chache juu ya Mandara kuna kreta ya Maundi. Kukiwa kweupe, huko utaona upande mmoja Mawenzi na Kibo, na upande mwingine tambarare hadi ndani ya Kenya. Ni lazima kuwe na mwongozaji mwenye leseni, na malipo ya Mtanzania ni ya chini kuliko ya mgeni, hivyo ulizeni langoni viwango vya mwaka huu kabla ya kupanga. Nendeni mapema asubuhi. Mvikeni viatu vilivyozoeleka, si vipya. Abebe koti la mvua hata kama jua linawaka Marangu Mtoni, maji ya kunywa, na ndizi mbivu. Binti wa darasa la tatu anaweza kutembea kipande cha kwanza cha njia pamoja nanyi, kisha akageuka na mtu mzima wa pili, kwa hiyo msiende mkiwa wawili tu.